Ng'ombe wa Ubaoni

Kati ya darasa langu na darasa la Mwalimu Useni hakuna ukuta. Kuna mbao, na aliyezipigilia alikuwa na haraka ya kwenda kula, maana kidole kinapita kati ya moja na nyingine. Mimi nafundisha Kifaransa, yeye hesabu. Wanafunzi wangu wananyambua vitenzi huku wanasikia pembetatu. Tunafundisha zamu ya mchana, wakati jua la mji wetu wa Baraka limeshakaa juu ya mabati na upepo wa ziwa unaingia kwa uvivu, na mimi sifichi, saa hiyo husinzia macho wazi. Kwa hiyo mkiona mambo nitakayosimulia yana ukungu kidogo, mnisamehe. Mengi niliyasikia kupitia mbao, katika saa ambayo hata mbuzi wa mlinzi husahau alikuwa anatafuna nini.

Useni ni mtu wa Makobola, mtoto wa wavuvi, ameoa hapa Baraka. Mrefu, mpole, na mkaidi kuliko mfupa wa samaki kooni. Mwaka ule alikuwa anasoma shahada ya uzamili kule Uvira. Kila Ijumaa akitoka msikitini alipanda pikipiki, na Jumapili jioni alirudi na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Nilimchokoza.

"Kaka, hesabu ya batoto haikutoshe? Unatafuta nini tena kule?"

"Madamu Adolphine, natafuta juu ya nini benyewe haibaingie."

Hilo, kwa nini hesabu haiwaingii watoto, ndilo lilikuwa somo la memuari yake, kile kitabu cha mwisho ambacho mtu hukitetea mbele ya maprofesa. Alitaka kuonyesha kwamba mtoto huelewa hesabu ikimjia imevaa nguo za nyumbani kwao. Mtoto wa ziwani afundishwe kwa samaki, wa Lubondja kwa mihogo, wa milimani kwa ng'ombe. Profesa Alphonse, aliyekuwa anaisimamia kazi hiyo, angeshuka kutoka Uvira kuja kutazama somo moja kwa macho yake. Somo likipendeza, Useni anatetea kabla ya mvua. Lisipopendeza, anasubiri mwaka mzima mwingine, pikipiki na vumbi vilevile. Mkewe, Mwanahamisi, alikuwa ameshanunua poda. Huku kwetu mtu akishatetea memuari humwagiwa poda kichwani mpaka afanane na mtu aliyelala kwenye mashine ya kusaga.

Darasa lake la nane lilikuwa limepata wageni. Walikuwa watoto wa Bibokoboko na vilima vya karibu, walioshuka na wazazi wao baada ya nyumba kuchomwa. Waliketi nyuma kabisa, migongo yao ikigusa mbao zangu, na niliwajua kwa sweta. Joto la Baraka linamtoa jasho hata mjusi, lakini wale walivaa sweta mchana kutwa. Labda zilikuwa za kuwakumbusha baridi. Mmoja wao alikuwa Kabagwira, msichana mwenye sweta ya kijani, shingo ndefu, na mdomo uliofungwa. Useni akimwita husimama, hutazama sakafu, huketi. Akipewa mtihani hupata yote. Sauti yake sikuwahi kuisikia, na masikio yangu yako karibu naye kuliko ya mwalimu wake.

Basi siku moja Useni akaanza kujaribu somo lake. Aliuliza watoto wa ziwani habari za samaki, kelele zikapanda mpaka nikagonga mbao. Aliuliza wa Lubondja habari za mihogo, kelele tena. Usingizi ulikuwa unanichukua katikati ya kelele hizo, maana kelele za watoto wanaofurahi hazinisumbui sana, ndipo nikasikia anasema kwa upole wake wote:

"Na we, Kabagwira, kuja hapa kwa ubao. Kwenu kule Bibokoboko mulikuwa na ngombe ngapi?"

Kimya kile ndicho kilichonizindua. Nilichungulia. Kabagwira alikuwa ameshika chaki mbele ya darasa. Akaiweka mahali pake, taratibu, kama mtu anayeweka yai, akatoka nje. Wenzake wa milimani wakanyanyuka mmoja mmoja wakamfuata. Hakuna aliyetukana wala kulia. Kesho yake benchi la nyuma lilikuwa tupu, na kesho kutwa pia.

"Madamu, nilikosa wapi?" Useni aliniuliza, uso umemwanguka. "Bengine nilibauliza vilevile. Si banasema kuuliza si ujinga?"

"Kuuliza si ujinga, kaka, lakini iko kuuliza na kuuliza."

Nilijibu hivyo kwa ujeuri tu. Sikujua lolote. Mimi ni Mbembe wa Lubondja, ng'ombe nawajua kwenye sahani. Lakini lile benchi tupu nyuma ya mbao zangu lilinikera, nikawa nasikia mahali ambapo migongo haipo. Nikamwambia twende kwao tukaulize.

Si jambo jepesi, mtu wa Makobola kwenda kukaa mlangoni kwa watu wa Bibokoboko, wala wao kumpokea. Vita vilipita kati ya pande hizo mbili. Wa huku wanajua sababu, na asiyejua asianzie kwangu kuuliza. Useni alisimama kidogo, akafunga vifungo vya shati mpaka juu, akasema twende.

Mama yake Kabagwira anaitwa Nishimwe. Tulimkuta mbele ya hema la turubai, pembeni kabisa ya mji, mahali ambapo ziwa linaonekana lakini halisikiki. Alitupa viti, yeye akaketi chini. Salamu zao za milimani ni ndefu. Aliuliza hali ya nyumba zetu, ya watoto, ya wazazi, akapumzika, akauliza tena. Kabagwira alikuwa ndani. Niliona kipande cha sweta ya kijani penye upenyo wa turubai.

"Mama Kabagwira," Useni alisema hatimaye, "nilimukosea mutoto, na sijue nilimukosea nini. Nimekuja uniambie."

Yule mama alimtazama muda mrefu. Hakuwa na hasira, na hilo lilinisikitisha zaidi.

"Mwalimu, ngombe haihesabiwe. Kwetu muntu haulizake mwenzake iko na ngombe ngapi. Mwenye kuhesabu ngombe ya bantu ni mwenye anataka kuikamata. Na benye kuja kwetu ile siku, balikuja banahesabu. Tulibasikia."

Useni aliinamisha kichwa.

"Sasa jioni munajua aje kama moja haijarudi?"

"We mama yako, jioni alikuwa anabahesabu nyinyi? Anaangalia tu. Anajua mwenye hajarudi." Akatabasamu kidogo. "Tunajua majina. Jina haina mubaya. Jina unaweza kuita mupaka asubui."

Useni alimwomba radhi kwa mikono miwili, na yule mama akaipokea. Tulirudi kwa miguu. Tulipofika karibu na soko ndipo akasema, bila kunitazama:

"Mama yangu, bantu bakikuja kumuuliza kule Makobola walikufa wangapi, anainuka anaenda zake jikoni. Lakini ukimuuliza walikuwa nani, anakuvutia kiti."

Kulikuwa na harufu ya samaki na ya mvua ya mbali, na watu wa sokoni walitusalimia kama siku zote.

Wiki iliyofuata migongo ilirudi kwenye mbao zangu. Mmoja, kisha wengine. Useni hakuhutubia, hakueleza chochote. Alichora ubaoni maduara mawili makubwa, moja kulia, moja kushoto, akasema leo hatutauliza ngapi, tutauliza nani. Akaketi kwenye benchi la mbele na watoto wa ziwani, mtu mrefu vile, magoti yamefika kidevuni.

"Kabagwira, tuambie. Kule kwenu, kwa zizi, nani alimuzaa nani?"

Nilidhani atatazama sakafu. Nilikuwa na Kifaransa changu mkononi, kitenzi kirefu, nikakisahau. Kulikuwa na mlio wa chaki, mdogo, kisha sauti ambayo sikuwahi kuisikia, nyembamba, yenye ubaridi ndani yake.

"Bihogo. Ni ya rangi nyekundu inaenda kwa nyeusi. Alizaa Gaju. Gaju alizaa Kirezi, iko na alama hapa kwa paji. Na Kirezi, alikuwa na mimba ile siku."

Akavuta mshale kutoka duara la ndama kwenda la mama zao. Akaita jina jingine. Na jingine. Alieleza nani alipenda kutangulia kwenye njia ya maji, nani alikuwa haingii zizini mpaka asikie jina lake, nani aliogopa radi. Wenzake wa milimani wakaanza kumsaidia kutoka nyuma, wakibishana kwa lugha yao kuhusu pembe za fulani. Jua lilikuwa limelala juu ya mabati. Wanafunzi wangu wote walikuwa wamegeukia mbao, na mimi sikuwakemea, maana mimi nilikuwa wa kwanza. Nikaona, wallahi kama anavyosema Useni, naona ng'ombe wanapita katikati ya madawati. Wamelowa ukungu. Wanakanyaga polepole wasiangushe mtoto. Mmoja mweusi aliweka pua kwenye nafasi ya mbao akapumua, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya nyasi za mahali nisipopajua. Nilinyoosha mkono. Kama nilisinzia, basi usingizi ule uliniheshimu, sijawahi kupata mwingine mzuri hivyo.

Aliyetuamsha ni Sadiki, mtoto wa mwenye boti, asiyewahi kujibu swali la hesabu tangu azaliwe.

"Mwalimu! Minaona! Kila ndama iko na mama moja tu! Lakini mama anaweza kuwa na ndama mingi, ao hana hata moja!"

Useni alisimama. Wiki nzima nyuma alikuwa amejaribu kuwafundisha jambo hilohilo kwa mishale na herufi, kwamba kila kitu cha upande huu kina mwenzake mmoja tu upande ule, na darasa zima lilimtazama kama anahubiri Kigiriki.

"Ndiyo ile ile, Sadiki," alisema, sauti imemlegea. "Ndiyo tulikuwa tunatafuta."

Kengele ililia na hakuna aliyetoka. Mimi nililia kidogo, nyuma ya ubao wangu, kwa sababu nilifurahi.

Kuanzia siku hiyo Useni alitembea kama ana mabawa. Alikuwa na somo, na somo lenyewe lilikuwa bora kuliko alilolipanga. Profesa Alphonse akaja. Si mtu mbaya, nasema mapema, msije mkamchukia bure. Ni mtu wa namba, basi, na namba zimemlea. Alivaa koti na tai katika joto lile, akaketi pembeni na prefe wetu, mkuu wa shule, kalamu mkononi. Mimi niliwapa wanafunzi wangu zoezi la kunakili nikaenda kusimama mlangoni kwa Useni bila aibu.

Kabagwira aliita ng'ombe wake. Mishale ikaenda. Watoto wa ziwani wakawapa ndama mama zao bila kukosea, wa Lubondja wakasahihisha wa ziwani, prefe akatikisa kichwa kwa furaha. Profesa aliandika, akaandika, na mara moja nilimwona anatabasamu peke yake. Nilisema moyoni, Mwanahamisi andaa poda.

Kisha profesa akasimama, akamwendea Kabagwira kwa upole.

"Vizuri sana, binti yangu. Sasa tumalize. Kundi lako hili liwe na idadi yake. Kwa jumla ni ng'ombe wangapi?"

Sijui kama mmewahi kusikia darasa linaacha kupumua. Chaki ilikuwa mkononi mwa Kabagwira. Alimtazama profesa, kisha akamtazama Useni, na kwenye benchi la nyuma niliona sweta zinaanza kusogea kuelekea mlangoni. Wakitoka mara hii hawarudi, hilo nililijua. Na Useni akifungua mdomo, mwaka wake umekwenda, hilo alilijua yeye.

"Profesa, samahani," alisema Useni. "Hilo hapa hatuliulizi."

"Ni swali la hesabu, mwalimu."

"Ndiyo, ni la hesabu. Lakini ng'ombe wa watu hawahesabiwi. Mimi nilikwisha kumuuliza mara moja, na sitakubali aulizwe tena katika darasa langu."

Prefe alikohoa. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Na mimi nitawaambia nini wenzangu? Kwamba umechunguza kundi ambalo hukubali kulihesabu? Memuari inataka matokeo yenye namba. Mtoto ataje jumla tu, tumeshamaliza."

"Waambie mwalimu alikataa."

Profesa akaandika hivyo. Nilimwona anaandika. Alifunga mkoba wake, akatuaga wote kwa adabu, akaondoka na vumbi lake. Kabagwira alikuwa bado amesimama ubaoni. Useni alimwambia, "Endelea, mama," kama vile hakuna kilichotokea, na msichana akavuta mshale uliobaki.

Jibu lilikuja upesi. Arudie uchunguzi, aje mwaka ujao. Ile poda Mwanahamisi aliwapaka watoto wake shingoni kwa ajili ya vipele vya joto. Mimi nilikasirika, na nilimkasirikia Useni kuliko profesa, maana wa kwako ndiye unayeweza kumfokea.

"Kichwa yako ngumu! Ungemuacha mutoto aseme namba yoyote. Hata ya bongo, ya kudanganya! Nani angeenda Bibokoboko kuangalia?"

"Hangesema ya bongo, Madamu. Kwa ubao ule hajue kudanganya. Angesema ya kweli, na angesema juu ya kunisaidia." Akajipangusa chaki mikononi. "Ni hiyo sikutaka."

Nilimwona wiki zile, na sitasema alikuwa shujaa. Alikuwa mtu aliyechoka. Ijumaa ilipofika alitoka msikitini akasimama barabarani, pikipiki za Uvira zikampita, akarudi nyumbani na mikono mitupu. Mara mbili alikosea hesabu ubaoni, na watoto wakajifanya hawakuona.

Jumapili moja alasiri nilikuwa uani kwake, karibu na maji, nimemfuata Mwanahamisi kununua ndagala, dagaa wa ziwa letu. Zilikuwa zimeanikwa kwenye nyavu ua mzima, zinang'aa mpaka macho yanauma. Useni alikuwa amekaa kwenye kizingiti, hafanyi kitu. Tukaona watu wawili wanakuja kwa njia ya ufuko, wametoka kanisani. Mama Kabagwira alikuwa na kitenge kizuri kilichofungwa begani kama wanavyofunga kwao, na mkononi fimbo ndefu, ile ya kuchungia. Kabagwira alikuwa amevua sweta. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila hiyo, nikashangaa jinsi alivyo mdogo.

Hawakukubali viti. Walisimama katikati ya ua, kati ya nyavu, na mama akampa binti yake fimbo.

"Kwetu mutoto mwanamuke hatoake ngombe," mama alisema. "Ni baba yake. Lakini baba yake haiko, na kwetu yenyewe sasa iko wapi? Aseme yeye."

Kabagwira alimwangalia Useni usoni, moja kwa moja.

"Mwalimu, iko moja sikuitaja kwa ubao. Hata mara ya pili, wakati profesa alikuja. Ni Gitare. Ni nyeupe yote, baba alinipa ni yangu mi peke. Ile siku zilikimbizwa zote kwa njia ya musitu, na yeye ndani. Sijue iko wapi. Labda iko inatembea. Labda hapana." Akaishika fimbo kwa mikono miwili. "Nimekupa. Ikirudi ni yako, na yote atazaa ni yako. Isiporudi, ni yako."

Useni hakuelewa afanye nini. Mtoto wa wavuvi, kamba ya ng'ombe hajawahi kuishika. Alimtazama mama yake Kabagwira, na yule mama akamwelekeza kwa sauti ya chini, kwamba mtu akishapewa ng'ombe ni ndugu, na lazima ataje aliyempa, mbele ya watu, kila atakapokuwa na shida au na furaha, mpaka kufa kwake. Akamfundisha maneno yenyewe. Useni alinyanyuka kizingitini, akanyoosha mikono yote miwili, na Kabagwira akamwekea fimbo juu yake.

"Kabagwira yampaye inka," alisema Useni. Kabagwira amenipa ng'ombe. Alisema kwa lafudhi ya Makobola, na katikati ya maneno sauti ikamkatika, ikabidi aanze upya. Sijawahi kusikia lugha ile ikitoka katika kinywa cha mtu wa kule. Mama Kabagwira alifunika uso kwa ncha ya kitenge chake.

Tukabaki tumesimama. Jua lilikuwa kwenye maji, kwenye ndagala, kwenye fimbo, na mimi nilikuwa macho kabisa, nawaambieni, usingizi haukuwapo hata chembe, na bado nilikuwa nasubiri kuona pembe zinatokea kwenye kona ya nyumba.

Ni Mwanahamisi aliyesogea kwanza. Alishika wavu wa kwanza wa ndagala kwa ncha mbili, akauvuta pembeni, akaenda kwenye wa pili. Nilimwelewa, nikashika upande wa pili. Tulizisogeza nyavu zote mpaka ukutani, tukaacha mahali peupe katikati ya ua, akachukua ufagio akapafagia vizuri. Kisha akasimama, mkono kiunoni, akapatazama mahali pale kwa wasiwasi wa mwenye nyumba.

"Sasa ile Gitare yenu," alimuuliza Kabagwira, "inakulaka nini?"

Kabagwira akaanza kumweleza, na hakumaliza upesi.